Chaguzi Zote za Choo cha Soko

Kijana aliyerithi kiti changu pale ofisi ya kata alinipigia simu wiki iliyopita. Alinipa shikamoo yake vizuri, akauliza hali ya magoti yangu, kisha akatoa la moyoni: Mama, tuandikie historia ya uchaguzi ya kata yetu, maana tukifungua makabrasha tunakuta tarakimu tu. Nikamwambia tarakimu ndizo historia yenyewe. Akasema hapana, wao wanataka yale ambayo tarakimu hazisemi. Haya. Nimestaafu, sina pa kukimbilia, na mvua hii ya Lushoto hainiruhusu hata kuanika maharage. Nimejifunika kitenge hapa barazani, naandika.

Vyeo vyangu na mshahara wangu haviwahusu. Chama gani kilishinda lini nalo sitaandika, si kwa sababu ni siri, bali kwa sababu nimefunga mdomo juu ya vyama miaka yote ya kazi na sasa mdomo wenyewe hautaki kufunguka. Hata mume wangu hajui nilikuwa nampigia kura nani. Amewahi kuniuliza mara moja, nikamwuliza anataka chai au uji.

Kata yetu ni ya mjini, kama mji wetu unakubali kuitwa mji. Ina soko, stendi, ofisi za serikali na maduka ya vifaa vya ujenzi. Juu kuna kitongoji cha Mlimani, wengi wao Walutheri, wenye miti ya peasi na wajukuu wanaosoma mbali. Chini, ng'ambo ya kijito, kuna Bondeni, Waislamu wakulima wa mboga, watu wa kuamka kabla ya adhana kumwagilia kabichi. Mlimani hupiga kura upande mmoja, Bondeni upande mwingine, na soko ndilo linaloamua. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni choo cha soko, na ndiyo iliyonichosha.

Nilianza nikiwa binti aliyemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kulima karoti. Ulikuwa uchaguzi wa mwisho wa chama kimoja. Walihitaji karani anayeandika vizuri, wakanichukua mimi, wakanipeleka kituo cha sokoni chini ya Mwalimu Danieli, mwalimu mkuu aliyekuwa akisimamia kituo kile tangu mimi sijazaliwa. Wagombea ubunge walikuwa wawili wa chama kilekile, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Mzee mmoja alikaa kituturini muda mrefu mpaka watu wakaanza kunung'unika, akatoka akatueleza bila kuulizwa kwamba jembe analo, nyumba ndiyo inayovuja. Mwalimu Danieli akamwambia baba, kura ni siri. Mzee akajibu kwamba paa lake si siri, kila mtu analiona.

Mwalimu Danieli alikuwa mtu wa maneno machache na kofia ya sufu. Ndani ya kofia aliweka kiberiti, kwa sababu siku zile sanduku la kura lilifungwa kwa lakiri iliyoyeyushwa, na kwa ukungu wetu kiberiti cha mfukoni kilikuwa kimelowa kabla ya jua kutoka. Ninyi mna vifungo vya plastiki vyenye namba, mnavikaza kwa kidole. Yeye alinifundisha kudondosha lakiri bila kuunguza kamba. Alinifundisha nisipokee chai ya mtu yeyote, hata ya shemeji. Alinifundisha nisimtazame mtu usoni anapotoka kituturini, maana uso nao hupiga kelele. Hilo la chai lilinisumbua kidogo, la uso lilinisumbua zaidi, kwa sababu mimi kwa asili ni mbea.

Ilipofika adhuhuri nikabanwa. Mwalimu Danieli alikuwa amekwishapotea mara moja nyuma ya lori la mboga akarudi, kama wafanyavyo wanaume wote pale hadi leo, wala hakuwa na la kunishauri. Soko zima halikuwa na choo. Nilikuwa karibu kulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza kabichi na liki mbele ya mlango wetu alinitazama mara moja tu akaelewa. Akaacha meza yake kwa jirani, akanishika mkono, akanipandisha mpaka nyumbani kwa shangazi yake, mwendo wa kutosha kumwaibisha mtu. Huyo ndiye Hadija. Alikuwa kanizidi miaka michache, ameolewa, ana mtoto mgongoni. Njiani nilimuuliza wao wanafanyaje siku ya soko.

"Hatunywi maji, mdogo wangu," alisema. "Tangu alfajiri mpaka tunaporudi nyumbani. Kwani hukufundishwa?"

Wagombea wote wawili, wa jembe na wa nyumba, walikuwa wameahidi choo cha soko. Nililisikia kwa masikio yangu. Nikaamini, na hata nikamwambia Hadija avumilie kidogo.

Vilipokuja vyama vingi tulidhani kazi itakuwa ngumu kwa sababu ya ugomvi. Wapi. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ya adabu. Wagombea udiwani walipita nyumba kwa nyumba, wakaketi, wakala makande, wakawaamkia wazee kwa Kishambaa safi. Siku ya kura wazee wakaingia kituturini, wakaweka alama ya vema kwa kila mgombea. Tulipofungua sanduku, karatasi zilizoharibika zilikuwa rundo. Kesho yake nikakutana na bibi mmoja wa Mlimani, nikamweleza kwa upole kwamba alama ni moja tu. Akanishangaa. Wote walikuja kunisalimia, akasema, nimnyime nani? Tangu hapo kila semina ya makarani nimelisema hilo, na kila semina kijana fulani kutoka mkoa mwingine hucheka. Wacha acheke. Hajawahi kutembelewa na watu watano wenye heshima zao katika wiki moja.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Rangwi nikasimamia uchaguzi mmoja huko. Watu wa misheni wana utaratibu, wanafika kabla ya msimamizi na wanakosoa jinsi ulivyopanga viti. Niliporudi mjini nilirudi kama mtendaji wa kata, na Mwalimu Danieli alikuwa amekwishazikwa. Nilihuzunika sana. Nilikuwa na maswali mengi ya kumuuliza, na kwa mara ya kwanza nikajikuta mimi ndiye ninayeulizwa.

Choo nacho kilikuwa na historia yake wakati huo. Diwani wa kwanza alichimba shimo. Mvua zikajaa humo, bata wa stendi wakahamia. Diwani aliyemfuata akafukia shimo lile, akajenga kuta mahali pengine, zikafika kiunoni, zikaishia hapo, watu wakaweka magunia ya viazi. Aliyemfuata hakujenga chochote, lakini alikuja na wageni wakapiga picha karibu na viazi. Kila nilipouliza katika vikao nilipigwa danadana: bajeti ijayo, mkandarasi, mchoro haujapitishwa. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nikawa naandika katika mihutasari kwamba suala limejadiliwa.

Hadija akaona tunachezeana. Siku hizo alikuwa mjane, anauza mboga kwa jumla, malori yanamngoja yeye ndipo yashuke Mombo. Akaja kuchukua fomu ya udiwani. Kwenye mkutano wake wa kwanza mtu alimuuliza atawaletea nini wananchi. Akajibu choo. Uwanja mzima ukacheka. Wakamsubiri aendelee, barabara, umeme, ajira kwa vijana. Hakuendelea. Alisema akipewa miaka mitano atajenga choo cha soko chenye upande wa wanawake, na akikimaliza mapema atarudi kuuza kabichi. Tangu siku hiyo akaitwa Mgombea Choo, na watoto walikuwa wakimwimbia njiani. Alishindwa vibaya.

Akagombea tena uchaguzi uliofuata, chini ya chama kingine, na safari hii vicheko vilipungua. Alishindwa, ila si vibaya. Nilimtangaza mpinzani wake mbele ya watu, Hadija akampa mkono mshindi, kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Nilijisikia vibaya kwa siku kadhaa, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Katikati hapo zikaja mashine za kuandikisha kwa alama za vidole. Hilo nalo liandikwe. Vidole vya watu wetu vimelimwa na jembe mpaka mistari imefutika, mashine inakataa. Uvumi ukaenea Bondeni kwamba mashine haipendi mikono mikavu, basi wakaja asubuhi wamejipaka mafuta ya mgando mpaka kwenye viwiko. Kioo kikawa kama sufuria ya maandazi. Kijana wa mashine alitaka kulia. Nikaagiza ndoo ya maji, sabuni na majivu, nikawaosha wazee mikono mmoja mmoja kama watoto, na wao walikuwa wananishukuru, hongea, hongea, kana kwamba ni huduma mpya ya serikali.

Sasa nifike kwenye siku ninayoulizwa kila mara, Hadija alipogombea mara ya tatu. Ilijulikana kwamba kura zitakaribiana sana. Mlimani walikuwa wamegawanyika, sokoni wanawake walikuwa naye, na Bondeni, kwao, ndiko kulikokuwa na akiba yake ya kura. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuumwa. Daktari alimwambia figo zimechoka, anywe maji mengi, asijizuie haja. Alinisimulia hayo akiwa anacheka, siku ya soko, midomo imemkauka.

Asubuhi ile nilianza kukagua vituo vya juu, kisha nikateremka Bondeni. Kituo kilikuwa kwenye darasa la madrasa. Nje nilitarajia foleni ya kina mama, maana wao hupiga kura mapema warudi shambani. Nikakuta wanaume wachache tu na uwanja mtupu. Msimamizi wa kituo, mwalimu mgeni mwenye bidii, akaniambia wanawake walikuja wengi, wakachungulia, wakaondoka kwa pamoja. Alidhani wamekasirishwa na foleni. Mimi nikamwambia wanawake wa Bondeni hawajawahi kukasirishwa na foleni, wao kwenye foleni ndiko wanakopumzikia.

Nikaingia ndani. Kwenye meza ya wino alikuwa amekaa Athumani, kijana mwalimu wa shule ya msingi, ameinamisha kichwa kama aliyeshitakiwa. Kazi yake ilikuwa kushika kidole cha kila aliyepiga kura na kukipaka wino. Hakupangiwa Bondeni, karani wa pale alikuwa ameamka na homa, na ofisi ya juu ikamleta Athumani alfajiri bila kumuuliza kitu. Nikamtazama, ndipo nikakumbuka nilikula pilau ya harusi yake. Kaoa Bondeni, kwa Bi Zaina.

Kwa mgeni nieleze. Kwetu mkwe ni mkwe. Kijana akimwona mama mkwe njiani anapisha, anashuka hata kwenye tuta la mtu. Hamtaji jina, hali mbele yake, sembuse kumshika mkono. Na mama mkwe si mmoja. Dada zake wote, wake wenza wake, binamu zake wa kike, wote ni wakwe. Kwa hesabu hiyo Athumani alikuwa mkwe wa nusu ya wanawake wa Bondeni, na sisi tulikuwa tumemweka mlangoni ashike vidole vyao.

"Mama, nimwambie nani?" alininong'oneza. "Kanuni inasema mgombea asiwe ndugu yangu. Hadija si ndugu yangu. Wakwe hawajaandikwa."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa amekaa pale tangu mlango unafunguliwa, akiona familia ya mkewe inageuka nyuma kwa ajili yake, na kiapo kinamzuia kuondoka. Nikamhamisha palepale, nikaamua apande kituo cha shule kule Mlimani, na karani wa kule ashuke. Hilo lilikuwa ndani ya mamlaka yangu. Tatizo likabaki kwa wanawake waliokwisha kwenda zao. Nilisema kwa sauti kwamba sasa inabidi watu wajue njia iko wazi, na wakala wa mshindani wa Hadija akasimama.

"Mama Mtendaji, nakuheshimu," alisema. "Lakini ukienda kubisha hodi nyumbani kwao, utakuwa unampigia Hadija kampeni."

Alikuwa na haki kabisa. Msimamizi hamwiti mpiga kura. Mpiga kura huja mwenyewe au haji. Wakala wa Hadija naye akasimama, akasema hawa wamefukuzwa na ofisi, kwa hiyo ofisi iwarudishe. Naye alikuwa na haki. Wote wawili wakanitazama, na mimi nilitamani kuwa mkulima wa karoti. Nisipofanya kitu, Hadija anashindwa kwa sababu ya kidole cha Athumani. Nikifanya kitu, matokeo yote yanaweza kubatilishwa kwa sababu yangu.

Nikaomba maji, nikanywa. Kisha nikamwambia Athumani achukue koti lake, tunapanda Mlimani kwa miguu. Gari la ofisi lilikuwa pale nje, dereva akashangaa. Nikamwambia yule wakala wa mshindani kwamba anakaribishwa tuende pamoja, aone kwa macho yake kama nitafungua mdomo kumwita mtu. Akaja.

Njia ya kutoka madrasa kwenda Mlimani inakata Bondeni yote katikati, kati ya matuta ya kabichi na nyua za nyumba. Tukaipanda polepole, mimi na magoti yangu mbele, Athumani nyuma na begi lake la shule, wakala pembeni. Hatukumsemesha mtu. Waliotusalimia tuliitikia. Wanawake walikuwa mashambani wameinama. Mmoja akainuka, akamwona Athumani anaondoka, akainama tena. Bi Zaina alikuwa uani kwake anapepeta maharage. Athumani akageuza uso upande wa pili, kama inavyotakiwa, na Bi Zaina akajifunika kanga kichwani, kama inavyotakiwa, na ungo ukasimama mikononi mwake. Tulipofika juu ya kona nikageuka kupumzika. Chini walikuwa wanateremka kuelekea madrasa wakinawa matope kijitoni, mmoja, watatu, kisha wengi, na Bi Zaina mbele yao na kadi yake kifuani.

Wakala naye akageuka akawaona. Nikamwuliza kama nimemwita mtu. Akasema hapana, Mama. Akasaini matokeo jioni bila pingamizi, na hilo namheshimia mpaka leo, maana upande wake ulishindwa kwa kura za kuhesabika kwa vidole. Nikamtangaza Hadija kuwa diwani. Nilijizuia nisitabasamu, nikafaulu kwa shida.

Ningependa kuwaambia kwamba mwaka uliofuata tulikuwa na choo. Weee. Diwani ni sauti moja kwenye baraza, na baraza lilikuwa na kata nyingi zenye shida zao. Walimwambia choo si kipaumbele. Akasimama kila kikao akasema choo. Walimpangia safari ya mafunzo, akarudi, akasema choo. Walibadilisha mchoro, wakabadilisha eneo, wakabadilisha fundi. Huku nyuma yeye anazidi kudhoofika; nyakati nyingine alikuja ofisini kwangu akalala kwenye benchi la wageni kabla ya kwenda kikaoni. Watu wake wa Bondeni walianza kusema naye kawa walewale. Hilo ndilo lililomuumiza. Alilia mbele yangu mara moja, akafuta machozi, akaniuliza muhtasari wa kikao uko wapi.

Kikajengwa mwishoni kabisa. Kizuri, lazima niseme, vigae vyeupe, milango imara, upande wa wanawake mkubwa kuliko wa wanaume kama alivyotaka. Fundi akanikabidhi ufunguo mimi. Siku hiyohiyo simu ikapigwa kutoka juu, mkubwa mmoja ambaye simtaji: kisifunguliwe mpaka apatikane mgeni rasmi. Mgeni rasmi akapangwa, akaahirishwa, akapangwa. Kisha muda wa baraza ukaisha, likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, Hadija akawa si diwani tena. Nikauliza tufanye nini. Nikaambiwa sasa ndiyo kabisa, ukifungua mradi wakati huu utaonekana unampendelea mtu. Subiri atakayeshinda aje akate utepe. Ufunguo ukabaki kwenye droo yangu. Hadija alikuwa amekwishatangaza kwamba hagombei tena. Kachoka, alisema, na kila aliyemwona hakumbishia.

Nilikuwa na siku chache tu kabla ya kustaafu. Ilikuwa siku ya soko, nimekwenda kununua njegere, nikamkuta kwenye meza yake ya zamani, amerudi kuuza kabichi. Ameshika tumbo. Mlango wa choo uko hatua chache nyuma yake, una kufuli. Nikamwuliza kama amekunywa maji leo. Akainamia kabichi zake, akaanza kuzipanga upya.

Jamani, nilichoka. Sijui niieleze vipi. Sikuchoka kwa hasira. Nilichoka kama mtu aliyebeba mzigo kwa heshima kisha akagundua ni mawe. Nikarudi ofisini, nikafungua droo, nikarudi sokoni, nikafungua kufuli mbele ya watu wote. Sikukata utepe kwa sababu hatukuwa nao. Nilisogea pembeni.

Kwanza hakuna aliyejongea. Kisha wanawake wakaanza kuacha meza zao, mmoja akamwachia mwenzake mizani, mwingine akafunika nyanya kwa gunia, wakapanga foleni kutoka mlangoni mpaka kwenye mifuko ya viazi. Nimesimamia foleni maisha yangu yote na sijapata kuona nyingine kama ile, haikuhitaji karani. Walitaka Hadija apite mbele. Akakataa, akasimama mwisho, nyuma ya wasichana wauza karoti, ameegemea nguzo.

Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni. Nikaiacha ilie. Zamu yake ilipofika aliingia, akakaa ndani muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umelegea, mtulivu, mdogo kuliko miaka yake. Akaenda kwenye sinki lililokuwa pale ukutani, jipya, linang'aa. Akafungua bomba. Halikutoa kitu. Akalifunga, akalifungua tena, akainama akalitazama kwa ndani.

"Maji je?" akaniuliza.

Nikamwambia bomba kuu halijaunganishwa. Lipo kwenye bajeti ijayo.

Hadija akafuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya kwanza.

"Mdogo wangu," alisema, "fomu za udiwani kesho mnaanza kutoa saa ngapi?"